Visawe vya Kiingereza vya Nahau za Kihispania: Je, Vinamtosha Msomaji wa Kiswahili?

1.0 Utangulizi

Mtu anayejifunza Kihispania kwa msaada wa vitabu vya Kiingereza hukutana mapema na orodha za nahau zilizopangwa kwa safu mbili. Safu ya kushoto ina nahau ya Kihispania. Safu ya kulia ina kisawe chake cha Kiingereza. Mojawapo ya nahau ambazo ni nadra kukosekana katika orodha hizo ni "tomar el pelo", ambayo neno kwa neno ni "kutwaa nywele", na ambayo kisawe chake hutajwa kuwa "to pull someone's leg". Msomaji wa Kiswahili, akiwa na ujuzi wake wa Kiingereza, hukamilisha kazi kwa kuandika pembeni: kumtania mtu.

Na ichukuliwe kwamba katika mkutano wa Umoja wa Afrika, mjumbe kutoka Guinea ya Ikweta, nchi ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi, anasimama na kusema kuhusu ahadi zisizotekelezwa: "Nos están tomando el pelo." Mkalimani aliyeipata nahau hii kwa njia iliyoelezwa hapo juu atasema: "Wanatutania." Wasikilizaji watacheka. Lakini mjumbe huyo hakusema jambo la kuchekesha. Alisema kwamba yeye na wenzake wanafanywa wajinga, kwamba wanachezewa shere. Nahau ya Kihispania hubeba mzaha wa kirafiki na pia dharau ya kumdanganya mtu waziwazi. Kisawe cha Kiingereza kwa kawaida huishia kwenye mzaha. Kosa huzidi linapoingia katika Kiswahili, kwa sababu utani katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki ni uhusiano unaotambulika, wenye haki na mipaka yake. Mtani haombi radhi, wala anayetaniwa hanuni. Hivyo, lalamiko lililotoka kinywani mwa mjumbe likiwa kali linafika masikioni mwa wasikilizaji likiwa limekwisha kusamehewa.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hatari inayooneshwa nao si ya kubuni. Itifaki ya marekebisho iliyopitishwa Maputo mwaka 2003 inavitaja Kihispania na Kiswahili miongoni mwa lugha rasmi za Umoja wa Afrika, na mwaka 2022 Umoja huo ulikubali Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi. Lugha hizi mbili zimewekwa katika ukumbi mmoja, na haja ya watu wa kuzifasiri moja kwa moja itazidi kuonekana. Makala haya yanadai kwamba kisawe cha Kiingereza, hata kinapokuwa sahihi kwa msomaji wa Kiingereza, hakifai kuwa chanzo cha tafsiri ya Kiswahili, na kwamba katika sehemu nyingi za msamiati wa Kihispania njia hiyo ya kupitia Kiingereza humficha Mswahili mambo ambayo lugha yake mwenyewe ingemwonesha bila taabu.

2.0 Chimbuko la safu mbili

Orodha za maneno ya Kihispania na Kiingereza zina historia ndefu. Mwaka 1591 Richard Percyvall alichapisha London kitabu chake Bibliotheca Hispanica, chenye sarufi na kamusi ya Kihispania iliyotoa maana kwa Kiingereza na Kilatini. John Minsheu aliipanua kazi hiyo na kuitoa upya mwaka 1599. Wakati huo Uingereza na Hispania zilikuwa vitani, na kuijua lugha ya adui, ambaye pia alikuwa mshindani katika biashara ya baharini, lilikuwa jambo la manufaa. Mwaka 1660 James Howell alitoa kamusi ya lugha nne, na ndani yake akakusanya pia methali za Kihispania pamoja na za lugha nyingine. Tangu wakati huo kazi hiyo haikukoma, na kamusi kubwa za karne ya ishirini, kama ile ya Collins ya mwaka 1971 na ile ya Oxford ya mwaka 1994, ni matunda ya utaalamu wa hali ya juu.

Lengo la kazi zote hizo lilikuwa kumsaidia msomaji wa Kiingereza. Kisawe kilichaguliwa kwa kuuliza: Mwingereza angesema nini mahali hapa? Swali hilo ni halali, na jibu lake mara nyingi ni zuri. Lakini jibu la swali la Mwingereza si lazima liwe jibu la swali la Mswahili.

Wataalamu wa Kiswahili hawahitaji kuambiwa jambo hili mara mbili. Kiswahili chenyewe kilielezwa kwa muda mrefu kupitia safu ya Kiingereza, kuanzia kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 hadi zile zilizosimamiwa na Johnson mwaka 1939. Ni mwaka 1981 tu, ilipotoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambapo msomaji alipata kamusi kubwa inayoeleza neno la Kiswahili kwa Kiswahili. Waliofanya kazi hiyo walijua kwamba fasili ya kigeni, hata ikiwa nzuri, huyakata maneno kwa kipimo cha lugha nyingine. Itakuwa ajabu basi ikiwa wasomi wa lugha hii watakubali Kihispania kikatwe kwa kipimo hichohicho kabla hakijawafikia.

3.0 Nahau: picha, mtazamo na kiwango

Nahau mbili zinaweza kulingana kwa maana ya jumla na bado zikatofautiana katika mambo matatu: nani anatazamwa, jambo lina uzito gani, na nani anaweza kumwambia nani.

Kuhusu mtazamo, nahau "dar gato por liebre" ni mfano mzuri. Neno kwa neno ni "kutoa paka badala ya sungura". Picha yake ni ya jikoni: wanyama hawa wawili wakishachunwa na kupikwa, ni vigumu kwa mlaji kuwatofautisha. Nahau ya Kiingereza inayokaribiana nayo ni "to buy a pig in a poke", yaani kununua nguruwe aliyemo mfukoni. Katika Kihispania anayetazamwa ni muuzaji, na lawama ni yake. Katika Kiingereza anayetazamwa ni mnunuzi, ambaye hakufungua mfuko, na sehemu ya lawama humwangukia. Kiswahili kina kauli ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kauli hii humtazama mnunuzi, kama Kiingereza, lakini kitenzi chake kiko katika hali ya kutendwa: mtu ameuziwa. Kwa umbo hilo moja Kiswahili humweka mnunuzi mbele na kuiacha lawama kwa muuzaji, na hivyo kinakaribia Kihispania kuliko Kiingereza kinavyokikaribia. Anayefasiri kutoka safu ya Kiingereza ataandika kwamba mtu "alinunua", na lawama itakuwa imehama.

Kuhusu uzito, itazamwe methali "más vale pájaro en mano que ciento volando". Kihispania kinasema kwamba ndege mmoja mkononi ni bora kuliko mia wanaoruka. Kiingereza kinamlinganisha ndege huyo na wawili waliomo kichakani. Kiswahili kinasema: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Zote tatu hufundisha kukitanguliza kilichopo. Hata hivyo, Kihispania kinamtaka mtu aache mia kwa ajili ya mmoja, Kiingereza aache wawili, na Kiswahili aache nyongeza ya moja tu. Methali ya Kihispania hufaa kumzuia mtu aliyelewa tamaa ya mali nyingi. Ile ya Kiswahili ni hesabu ya mtu aliyezoea kudai na kuzungushwa, anayejua kwamba njia ya kwenda na kurudi ina gharama yake. Kisawe cha Kiswahili kinafaa katika mazungumzo mengi, lakini si pale ambapo msemaji wa Kihispania anauegemea ukubwa wa hiyo mia.

Kuhusu nani anaweza kumwambia nani, nahau "estirar la pata" hutajwa kuwa sawa na "to kick the bucket", na hapa Kiingereza kimelenga vizuri. Neno "pata" ni mguu wa mnyama, na kumnyooshea marehemu mguu wa mnyama ni kumkosea heshima, au angalau ni kuzungumza katika baraza la watu waliozoeana sana. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua nahau ya Kiingereza ataangalia maana yake katika kamusi ya pili na kukuta: kufa. Akitaka kuwa na adabu, ataandika kwamba mtu "alifariki dunia". Dharau imegeuka taazia. Kiswahili kina msamiati mpana wa kifo, tangu kuaga dunia hadi kukata kamba, na kauli hii ya mwisho ndiyo iliyo jirani wa kweli wa nahau ya Kihispania. Lakini jirani huyo hafikiwi kwa kupitia neno "kufa".

Hata pale ambapo Kihispania na Kiingereza hufanana kwa sura, mfanano huo unaweza kudanganya. "Meter la pata", kutia mguu, huwekwa mkabala na "to put one's foot in it". Mguu upo pande zote mbili. Lakini nahau ya Kiingereza aghalabu huhusu neno lililosemwa pasipostahili, na aibu inayofuata. Ile ya Kihispania huingia hata katika kosa la kazi au la hesabu. Kwa Kiswahili, kuboronga kungetosha katika matumizi mengi, na hakuna mguu unaohitajika.

Ni haki kuongeza kwamba Kiswahili nacho kinaweza kupotosha. Methali "no hay mal que por bien no venga" husema kwamba hakuna baya lisilokuja kwa ajili ya jema. Kiingereza huweka mahali pake kauli ya wingu lenye ukingo wa fedha. Mswahili atakimbilia "baada ya dhiki faraja". Kwa Kihispania, baya lenyewe ndilo linaloleta jema. Kwa Kiingereza, jema limo ndani ya baya wakati huohuo. Kwa Kiswahili, jema hufuata baya, na si lazima liwe limezaliwa nalo. Kisawe cha Kiswahili kinastahili kupimwa kwa ukali uleule unaotumiwa kukipima cha Kiingereza.

4.0 Msamiati: yale ambayo Kiingereza hakiyaoneshi

Hasara ya kupitia Kiingereza haiko katika nahau pekee. Kihispania kina vitenzi viwili, "ser" na "estar", ambavyo Kiingereza huvitafsiri kwa kimoja, "to be". Vitabu vingi vya Kiingereza humwambia mwanafunzi kwamba "ser" ni cha mambo ya kudumu na "estar" ni cha mambo ya kupita. Kanuni hii hukwama mara mbili. Kwanza, husemwa "Madrid está en España", ilhali mji huo hauhami. Pili, husemwa "está muerto" kuhusu mtu aliyekufa, na hakuna hali inayodumu kuliko hiyo.

Mswahili hana sababu ya kukwama hapo. Lugha yake hutofautisha "ni" na "-ko", "-po", "-mo". "Juan es listo" ni Juan ni mwerevu. "Juan está listo" ni Juan yuko tayari. Madrid iko Hispania. Na kuhusu marehemu, Kiswahili husema amekufa, kwa kutumia kiambishi "-me-" ambacho huonesha hali iliyobaki baada ya tendo kukamilika. Ndiyo maana "está sentado" ni ameketi na "estoy cansado" ni nimechoka. Ulinganifu huu si kamili, kwani Kihispania hutumia "ser" kutaja mahali tukio linapofanyika, ambapo Kiswahili kinaweza kusema kwamba mkutano uko ukumbini. Hata hivyo, Mswahili anaanza safari akiwa karibu zaidi na mwisho wake kuliko kanuni ya Kiingereza inavyomfanya aamini.

Hali ni hiyohiyo katika nafsi ya pili. Neno "you" la Kiingereza limemeza "tú", "usted", "vosotros" na "ustedes". Kuhusu idadi, Mswahili anajua tofauti ya wewe na ninyi tangu utotoni. Kuhusu heshima, lugha yake haina kiwakilishi cha pekee kama "usted", lakini ana maamkizi na majina ya ukoo yanayofanya kazi hiyo. Anayejua ni nani wa kuamkiwa shikamoo hahitaji maelezo marefu ili afahamu kwa nini si kila mtu huitwa "tú".

Jambo la tatu ni urithi wa Kiarabu. Kihispania kiliishi jirani na Kiarabu katika rasi ya Iberia kwa karne nyingi, na Kiswahili kiliishi nacho katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Matokeo yake ni jamaa wasiojuana. "Azúcar" ni sukari, na "fulano" ni fulani. Safu ya Kiingereza humpa msomaji "so-and-so" kwa "fulano", na jamaa huyo hupita mbele ya nyumba bila kutambuliwa. Neno "hasta", linalotokana na "hatta" ya Kiarabu, lina maana ya kikomo cha wakati au mahali, na pia maana ya kutilia mkazo. Kiingereza hulazimika kuligawa kuwa "until" na "even". Kiswahili kina neno hilohilo, hata, lenye maana hizo zote mbili, kwani husemwa "hata mtoto analijua" na pia "tangu zamani hata leo". Vilevile "ojalá", yenye asili katika dua ya kumtaja Mwenyezi Mungu, hufasiriwa kwa Kiingereza kuwa tumaini katika sentensi moja na majuto katika nyingine. Mswahili anaweza kuisikia kwa upande mmoja kama inshallah na kwa upande mwingine kama laiti, mradi akumbuke kwamba katika Kihispania cha leo hutumiwa na watu wa imani zote na hata wasio na imani.

Mkumbusho huo ni wa lazima, kwa maana undugu wa maneno nao huvunja miguu. "Mezquino" na maskini yametoka katika neno moja, lakini Mhispania anayeitwa "mezquino" leo si fukara. Ni bahili au mtu mwenye roho ndogo. "Rehén" na rehani zina mzizi mmoja wa kuweka dhamana, lakini "rehén" ni mtu aliyetekwa nyara. "Alcalde" na kadhi ni neno lilelile kwa asili, ingawa wa kwanza ni meya na wa pili ni hakimu. Hakuna orodha ya Kiingereza itakayomwonya Mswahili juu ya mitego hii, kwa sababu Mwingereza hawezi kutegwa nayo. Yeye huonywa juu ya "embarazada", ambayo ni mjamzito na si mtu aliyeona haya, na Mswahili husomeshwa kuuogopa mtego huo ambao, kwa lugha yake, haupo.

5.0 Hoja za upande wa pili

Zipo hoja nzito za kuitetea njia ya Kiingereza. Kwanza, vitabu vipo. Kamusi kubwa za Kihispania na Kiingereza zimesahihishwa kwa vizazi, na hakuna sababu ya mtu kuchimba kisima kando ya mto. Pili, mwanafunzi wa chuo kikuu katika Afrika ya Mashariki kwa kawaida amekwisha kusoma Kiingereza kwa miaka mingi. Tatu, kamusi mpya hudai fedha, muda na wataalamu wanaozijua lugha zote mbili barabara.

Hoja ya kwanza na ya tatu ni za kweli, lakini zinahusu gharama na wala si usahihi. Kamusi za Kiingereza ziendelee kutumiwa, kama shahidi mmojawapo wa maana, pamoja na kamusi za Kihispania kwa Kihispania, kama zile za Chuo cha Kifalme cha Hispania kilichoanzishwa mwaka 1713, au ile ya María Moliner iliyotoka mwaka 1966 na 1967, ambayo inajali sana matumizi. Kinachokataliwa ni kuifasiri safu ya kulia kana kwamba ndiyo Kihispania chenyewe. Hoja ya pili ni dhaifu zaidi, kwani nahau ndiyo sehemu ya lugha ya kigeni inayochelewa kueleweka kuliko zote. Mwanafunzi anayejua Kiingereza cha darasani anaweza asijue kama kauli ya ndoo na teke ni ya kuomboleza au ya kudharau. Anapewa ufunguo ambao nao umefungiwa sandukuni.

6.0 Pendekezo

Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili, zikishirikiana na walimu wa lugha za kigeni, zianze na orodha fupi ya nahau za Kihispania zilizo za kawaida kabisa. Kila kidahizo kiwe na sehemu tano: picha ya nahau neno kwa neno, maana yake kwa Kiswahili cha maelezo, mazingira yake, yaani husemwa na nani kwa nani, kisawe cha Kiswahili, ikiwa kipo, na sentensi moja ya mfano. Pale ambapo kisawe hakipo, mahali pake paachwe wazi. Nafasi tupu ni taarifa kwa msomaji, ilhali kisawe cha kulazimisha ni upotoshaji.

Sehemu ya mazingira itaje pia nchi. Kitenzi "coger" ni cha kawaida Hispania, ambako hutumiwa kwa kuchukua kitu au kupanda basi, lakini nchini Meksiko na Ajentina ni neno chafu la kujamiiana. Neno "take" la Kiingereza halimwonyi mtu, na mgeni anayeuliza basi lake huko anaweza kuzua kicheko au chuki. Kwa msomaji wa Afrika, matumizi ya Guinea ya Ikweta nayo yatafutwe na kuandikwa, kwani hao ndio wasemaji wa Kihispania ambao Mswahili ana uwezekano mkubwa wa kukaa nao katika meza moja ya bara lake.

7.0 Hitimisho

Makala haya hayakusudii kukibeza Kiingereza wala kazi ya wanakamusi wake. Percyvall na waliomfuata walimtumikia msomaji wao kwa uaminifu. Kosa linaanza pale msomaji mwingine anapovaa nguo iliyokatwa kwa kipimo cha yule, kisha akailaumu nguo, au akaulaumu mwili wake. Mswahili anayekutana na Kihispania anakuja na "-ko" yake, "-me-" yake, hata na fulani wake, na mbuzi wake yumo kwenye gunia. Hayo yote ni mtaji. Mwanafunzi akifundishwa kuyaacha mlangoni ili aingie kwa Kiingereza, siku atakapoketi katika kibanda cha ukalimani na kumsikia mjumbe akilalamika kwamba anafanywa mjinga, atawaambia wasikilizaji kwamba mjumbe huyo anataniwa. Gharama ya kosa hilo hatailipa mkalimani peke yake. Atailipa pia yule ambaye malalamiko yake hayakusikika.